Aliyefungiwa Nje ya Katalogi Yake

Maktaba ya Chuo cha Nyika, Kitengela, ilikuwa na watu wawili walioielewa katalogi yake. Mmoja alikuwa Mzee Elphas Makokha. Wa pili alikuwa Lorine, msaidizi wake mpya, ila hilo Lorine hakupenda kulitangaza mbele ya Mzee, kwanza kwa kuwa alimpenda, na pili kwa kuwa Mzee ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la majani ya chai.

Mzee Elphas alikuwa na miaka sitini na sita, na kila siku alivaa tai. Alianza kazi hapo kwa kupiga deki sakafu ya maktaba hiyo hiyo, na alikuwa na tabia ya kuinama muda mrefu kupita kiasi kila palipoanguka gazeti. Mkutubi wa wakati ule akamwona, akamwelekeza kwenye masomo ya jioni. Mchana fagio, jioni kitabu, miaka tisa mfululizo, hadi akapata cheti cha ukutubi mwaka uleule bintiye mkubwa alipomaliza kidato cha nne. Tangu hapo hakuwahi kuita kompyuta kompyuta. Aliiita tarakilishi, na aliwahi kumsahihisha mhubiri mmoja juu ya neno hilo katikati ya mahubiri.

Kazi yake ilikuwa majarida ya kielektroniki. Hapo zamani jarida lilikuwa kitu cha kushikwa mkononi: linakuja kwa posta, linapigwa muhuri, linapangwa rafuni, linaibwa. Siku hizi halionekani. Linakaa katika mashine ya mchapishaji huko ng'ambo, na chuo kinalipia ruhusa tu ya kulisoma. Kinachobaki maktabani ni rekodi: jina la jarida, jina lake la awali kama lilibadilisha, mwaka ambao ruhusa inaanzia na unaoishia, na chini kabisa linki, ambayo msomaji akiibonyeza anapelekwa moja kwa moja kwenye makala.

Mzee Elphas alikuwa na rekodi mia nne na kumi na mbili. Zote aliziandika kwa vidole viwili, miaka kumi na mmoja. Alikuwa pia na daftari la kurasa mia mbili ambamo kila jarida lilikuwa na mstari wake: kwa kalamu ya bluu yale ya kulipia, kwa kalamu nyekundu yale yaliyo wazi kwa ulimwengu mzima. Kila Ijumaa asubuhi, baada ya chai, alibonyeza linki arobaini na tano za bluu, moja baada ya nyingine, kuhakikisha zinafunguka. Zilifunguka. Akatia alama ya vyema. Na kwa kuwa hakuweza kupita karibu na maandishi bila kuyaamkia, alisoma aya ya kwanza ya kila makala iliyomtokea. Ndivyo alivyokuja kujua mambo ya upele wa ngamia, wadudu wa vitunguu, na kwa nini maji ya visima vingine hutia meno rangi ya kahawia.

"Mzee," Lorine alimwambia siku moja, "ukimaliza kuzijaribu, kuna mwanafunzi wa Kajiado ameandika tena. Anasema linki zako hazifunguki."

"Yule Nurto?"

"Yule yule. Barua ya tatu."

Mzee Elphas alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai. "Nimemjibu mara mbili. Anasema akija hapa chuoni kumwona msimamizi wake, zinafunguka. Akirudi nyumbani, zinakataa. Sasa mimi nakuuliza, binti: linki si ile ile?"

"Ni ile ile."

"Jarida si lile lile?"

"Ni lile lile."

"Basi kilichobadilika ni kidole. Nyumbani anabonyeza vibaya. Nilimwandikia hivyo, kwa heshima."

Lorine aliiweka ile barua kwenye faili pamoja na zile mbili, bila kubisha. Alikuwa na miezi mitano tu hapo, na mifumo aliyoikuta ilikuwa mingi, mingine hajaifikia.

Jambo lenyewe lingeishia hapo, kama si barua ya Daktari Ajwang. Daktari Ajwang alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba, mtu mpole aliyeandika barua kali. Aliandika kwamba chuo hakiwezi kuendelea kuweka majarida yasiyosomwa. Alhamisi ya wiki iliyofuata kamati ingeangalia hesabu ya mwaka mzima: ikiwa majarida yote ya kulipia kwa pamoja hayakufunguliwa hata mara elfu moja, ruhusa zisingechukuliwa tena na katalogi ingefutiwa rekodi zake zote za majarida ya kielektroniki. Neno aliloliandika lilikuwa "kusafishwa".

Mzee Elphas aliisoma barua hiyo amesimama. Kisha akaketi, akaisoma tena. Miaka kumi na mmoja. Vidole viwili.

"Kusafishwa," alisema. "Kana kwamba ni utandabui."

Lorine aliomba ripoti kwa wachapishaji, na siku mbili baadaye ikaja. Majarida yalikuwa yamefunguliwa mara elfu mbili mia tatu na kumi na tano.

Mzee hakuruka, maana alikuwa na goti bovu. Lakini aliinuka akazunguka meza yake mara moja, mikono nyuma, kama jogoo aliyemaliza kuwika. "Elfu mbili! Unaona, binti? Watoto wanasoma! Huyu Ajwang atakula barua yake na chumvi."

"Ni nyingi kweli," alisema Lorine, akiitazama ile namba kama mtu anayetazama ng'ombe mnono wakati wa ukame. "Acha niombe ripoti ya ndani zaidi, tuone zimefunguliwa na kina nani."

"Omba, omba. Tuwataje kwa majina kwenye kikao."

Kitu kimoja tu kilimkera Mzee: zile barua tatu za Nurto zilikuwa ndani ya faili, na kamati ingeziona. Mtu mwenye shati jeupe huona doa moja kuliko anavyoona shati. Akaamua kwamba Jumamosi ataenda Kajiado mwenyewe, amshike yule msichana kidole, amwonyeshe kubonyeza, na arudi na barua ya nne inayofuta tatu za kwanza.

Nurto Abdiladif alikuwa akisomea shahada ya pili ya afya ya mifugo, na alikuwa na mtoto wa miezi minane. Ndiyo maana alisomea nyumbani, nyuma ya kaunta ya duka la babake la dawa za mifugo, hatua chache kutoka soko la mbuzi. Mzee Elphas alimkuta akimpimia mteja dawa ya minyoo kwa mkono mmoja, mtoto amelala begani.

"Mzee Elphas wa maktaba?" Nurto alishtuka. "Umekuja hadi huku? Kwa sababu ya barua?"

"Kwa sababu ya linki," alisema Mzee. "Mimi si mtu wa kumwacha msomaji kizani."

"Karibu, adeer," alisema, akimwita ami kwa Kisomali. "Aabo! Mgeni wangu kutoka chuoni!"

Babake, Abdiladif, akatoka nyuma, akampa mgeni mkono, akampa kiti, akampa kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, vyote kwa pumzi moja. Yule mteja wa dawa ya minyoo hakuondoka. Alikuwa mzee wa Kimaasai, jina lake Kuntai, na hakuwa na haraka. Alivuta ndoo iliyopinduliwa, akaketi, fimbo katikati ya magoti.

"Supa," alimsalimu Mzee Elphas.

"Ipa," alijibu Mzee Elphas, ambaye neno hilo alikuwa amelijifunza na kulifanyia mazoezi.

"Wewe ndiye mwalimu wa kompyuta?"

"Mkutubi. Na ni tarakilishi."

"Sawa. Hiyo hiyo."

Nurto aliweka kipakatalishi chake juu ya kaunta, kati ya kamba za kufungia ndama na chupa za dawa ya kupe. Mzee Elphas alivaa miwani. Alifungua daftari lake. Akamwita msichana asogee.

"Tazama vizuri. Watu wengi hubonyeza kama wanaua kiroboto. Linki haitaki hasira. Unaweka kidole, unatulia, unabonyeza mara moja, hivi."

Akabonyeza. Ukurasa ukaja. Ulikuwa na jina la jarida, picha ndogo ya ngamia, na katikati maneno meusi: huna ruhusa ya kusoma makala haya.

Mtoto alikohoa.

"Mtandao wenu ni dhaifu," alisema Mzee Elphas.

"Mtandao uko sawa, adeer," alisema Nurto kwa adabu. "Ndio umeleta hayo maneno."

Akajaribu jarida la pili. Huna ruhusa. La tatu. La nne, lile la wadudu wa vitunguu, ambalo Ijumaa ya jana tu alikuwa amesoma aya yake ya kwanza. Huna ruhusa. Akalegeza tai. Akarukia mstari wa kalamu nyekundu: likafunguka bila swali. Nyekundu nyingine: likafunguka. Akarudi bluu: huna ruhusa.

"Labda ni kidole," alisema Kuntai.

Abdiladif alimkazia jicho mteja wake, lakini masharubu yake mwenyewe yalikuwa yakicheza.

"Adeer," Nurto aliuliza taratibu, "kule chuoni huwa unazijaribia wapi?"

"Mezani kwangu."

"Na meza yako iko ndani ya chuo."

"Sasa ingekuwa wapi? Sokoni?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

Kuntai alisafisha koo. Alikuwa amefuata mambo yote, kama mtu anayefuata mnada. "Mimi niko na boma," alisema. "Watoto wangu wakinieleza lango limekwama, siwezi kuenda kujaribu nikiwa ndani kwa kitanda. Ndani kila mtu ameshaingia. Mimi natoka nje, nasimama na ng'ombe, nasukuma. Huyu mwalimu, mlinzi wa boma, miaka yote analinda akiwa amelala ndani."

Mzee Elphas alitaka kumjibu. Badala yake likamjia jina la Opiyo.

Opiyo alikuwa fundi wa mitandao wa chuo, aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita. Kabla hajaondoka aliingia kwenye katalogi na mbele ya kila linki akabandika anwani nyingine, ndefu, yenye nukta na alama za kuuliza kama nzi juu ya nyama. Alisema ni lango. Mwanafunzi aliye nje angekutana nalo kwanza, aandike namba yake ya usajili, kisha apitishwe. Mzee Elphas aliitazama ile rekodi yake safi imebandikwa takataka zile, akasikia kama mtu aliyeona shati lake la Jumapili limejaa makapi. Alijaribu kuiondoa kwenye rekodi moja. Akabonyeza. Ikafunguka vilevile! Akaondoa kwenye ya pili. Ikafunguka. Basi ilikuwa na kazi gani? Alitumia miezi mitatu kuziondoa zote, moja moja, akiimba nyimbo za kwaya.

Bila shaka zilifunguka, maana wachapishaji huwatambua walio ndani ya mtandao wa chuo. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake.

"Binti yangu," alimwambia Nurto, na hakumtazama, "kidole chako hakina neno."

Hakumaliza chai. Nurto alimsindikiza hadi nje na mtoto begani, akamwambia kwamba sura ya pili ya tasnifu yake ilikuwa imesimama miezi minne kwa ajili ya makala kumi, na kwamba kuna wenzake Rongai na Illasit waliokata tamaa wakaacha hata kuandika barua. Hakusema kwa kulaumu. Hilo ndilo lililomuuma Mzee.

Jumatatu alifika kabla ya Lorine, jambo ambalo halikuwa geni, lakini hakuwa amechemsha maji ya chai, na hilo lilikuwa geni. Lorine aliingia na karatasi mkononi, uso wake ukihangaika kati ya kucheka na kuhuzunika.

"Mzee wangu, ripoti ya ndani imekuja. Nimempata msomaji wetu bora wa mwaka."

"Nani?"

"Sina jina. Niko na mashine tu. Mashine moja imefungua majarida mara elfu mbili mia mbili na hamsini. Kila Ijumaa, arobaini na tano kamili, Ijumaa hamsini. Wengine wote wa chuo nzima, mara sitini na tano." Akatua. "Huyo msomaji hunywa chai kwa kikombe cha buluu."

Mzee Elphas alikitazama kikombe chake cha buluu kana kwamba ndicho kilichomsaliti.

Ndipo naye akamweleza: Kajiado, kidole, boma la Kuntai, takataka za Opiyo. Lorine aligeukia mashine yake, akafungua historia ya rekodi moja, kisha ya nyingine. Kila moja ilisema vilevile: lango limeondolewa, na E. Makokha.

"Uliondoa zote mia nne na kumi na mbili kwa mkono?"

"Kwa vidole viwili."

"Mzee, hii ni noma." Akaushika mdomo wake asicheke, akashindwa, akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akatulia, akainama karibu na meza yake. "Sikia. Ajwang anataka elfu moja. Ripoti ya juu inasema elfu mbili na zaidi. Hajaomba ya ndani. Mimi nayo sijaiona, kama hutaki niione. Majarida yanabaki, rekodi zako zinabaki, lango tunarudisha polepole."

Ulikuwa mlango wazi, na Mzee Elphas aliuangalia kwa kitambo. Angeweza kuingia kikaoni Alhamisi na elfu mbili zake, na rekodi zake zingeishi. Lakini tangu Jumamosi alikuwa akiziona rekodi hizo kwa namna nyingine: milango mia nne iliyochorwa ukutani kwa rangi nzuri, na yeye anapita kila Ijumaa akiisifu rangi.

"Hapana," alisema. "Nilisoma miaka tisa nipate cheti. Sitakitumia kupandisha namba yangu mwenyewe. Nitawaambia. Lakini kwanza turudishe lango, hata kama tutakesha. Tukianza leo, rekodi mia moja na arobaini kwa siku—"

"Nitazirudisha zote kwa pamoja. Dakika kumi."

"Dakika kumi?"

"Labda saba."

Mzee Elphas alihitaji kuketi. Miezi mitatu. Nyimbo za kwaya.

Lorine alikuwa ameshaandika amri na kidole chake kimeelekea kubonyeza, ndipo Mzee akapiga meza. "Ngoja! Si zote!"

"Kwa nini si zote? Opiyo aliweka kwa zote."

"Na Opiyo alikosea. Yale ya bure hayataki lango. Mkulima wa nyanya wa Kimana hana namba ya usajili. Akikutana na lango atarudi nyumbani, na jarida lenyewe ni la kila mtu. Mfumo wako unayajua ya bure ni yapi?"

Lorine alitazama skrini. Alitafuta hapa, akatafuta pale. Mfumo haukujua. Hakuna aliyewahi kuuambia.

Mzee Elphas alifungua droo, akatoa daftari la kurasa mia mbili, akaliweka mbele yake na kulisawazisha pembe. Kalamu nyekundu, sitini na moja. Kalamu ya bluu, mia tatu hamsini na moja. Akaanza kumsomea namba, na sauti yake ilianza kurudi mahali pake.

Alhamisi, mbele ya kamati, alisimama ingawa wengine wote walikuwa wameketi, akasoma kutoka kwenye karatasi. Alisema namba zote mbili. Alisema nani aliondoa lango na kwa nini. Hakumtaja Opiyo kwa ubaya. Alipomaliza alikunja karatasi mara nne na kubaki amesimama.

Daktari Ajwang alimtazama juu ya miwani. "Yaani, Mzee Makokha, mwaka huu peke yako umesoma makala elfu mbili mia mbili na hamsini?"

"Aya ya kwanza tu, Daktari."

"Mtu anaweza kukumbuka kitu kwa aya ya kwanza?" Kisha, kwa mzaha: "Ngamia mwenye upele, kwa mfano, utamjuaje?"

Mzee Elphas akamweleza unapoanzia, kichwani na shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Kwa nini ngamia hujikuna kwenye miti. Na kwamba kuna wafugaji na watafiti ambao bado hawajakubaliana. Alieleza dakika nne. Profesa mmoja wa mifugo alianza kuandika.

Kamati ilicheka, lakini si vibaya. Daktari Ajwang alifuta macho, akatoa uamuzi: majarida yatabaki muhula mmoja. Lango lilikuwa na kihesabio chake, likiandika kila aliyepita. Kufikia Ijumaa ya mwisho wa muhula, saa sita mchana, liwe limehesabu elfu moja, la sivyo barua yake ya kwanza inasimama.

"Na Mzee Makokha," akaongeza, "bila wewe. Usibonyeze kitu."

Muhula ule ulikuwa mrefu kuliko miaka tisa ya masomo ya jioni. Mzee Elphas aliwaandikia wanafunzi wote wa mbali barua ya kuomba radhi, yenye aya nne na methali moja, akiwaeleza lango ni nini na kwamba wasiliogope. Nurto aliipata, akaijibu kwa mstari mmoja: "Adeer, hodi. Nimeingia." Wengine walikuja polepole, kama ng'ombe wanaofikiria kivuko. Mtu wa Rongai. Watu wawili wa Illasit. Kisha darasa zima la uuguzi lililokuwa na mtihani. Kila asubuhi Mzee alisimama nyuma ya kiti cha Lorine na kuuliza namba, na kila Ijumaa, baada ya chai, hakujua la kufanya na mikono yake. Lorine alimpa rafu za kupangusa.

Ijumaa ya mwisho ilifika, saa tatu asubuhi, na kihesabio kilisema mia tisa themanini na tisa.

"Kumi na moja," alisema Mzee Elphas.

"Wako kwa mitihani, Mzee. Wamemaliza kusoma. Hakuna mtu anafungua jarida siku ya mtihani."

Saa nne: mia tisa tisini. Saa nne na nusu: mia tisa tisini. Mzee Elphas aliitazama tarakilishi yake, linki zake arobaini na tano zikimtazama. Arobaini na tano! Na zilizohitajika ni kumi tu. Angeweza kutoka nje ya uzio, aingie kwa namba yake ya kazi kama mtu yeyote. Lorine alinyoosha mkono, akachomoa kipanya chake, akakiweka kwenye mkoba wake.

"Nilikuwa sijafanya kitu," alisema Mzee.

"Nimekuona ukiwaza."

Saa tano kasoro robo simu yake ikalia. Ilikuwa ni Nurto.

"Adeer, unafanya nini?"

"Nimekalia mikono yangu."

"Samahani nimekusumbua. Nina swali. Sura yangu nilimpa msimamizi jana, nimemaliza. Lakini Mzee Kuntai yuko hapa dukani. Ndama wake wawili wana kitu machoni, na ananiambia niangalie ndani ya vile vitabu vya mlinzi wa boma. Niangalie wapi?"

Mzee Elphas akasimama wima. "Kuna jarida la magonjwa ya mifugo ya nchi kame. Rekodi ya mia moja na nne. Fungua toleo la karibuni. Halafu kuna lile lililobadilisha jina, angalia jina la awali pia, ruhusa yetu inaanzia huko. Halafu—"

"Moja moja, adeer. Mtoto analia."

Kwa mbali alimsikia Kuntai: "Mwambie asiende mbio. Anisomee yote. Si ile ya mwanzo peke yake."

Lorine alikuwa amegeuza skrini yake ili Mzee aone. Mia tisa tisini na moja. Tisini na mbili. Namba ikasimama kwa muda, Nurto akisoma na kutafsiri, Kuntai akibisha, Abdiladif akibisha kuliko Kuntai. Kisha tisini na tatu, kwa kuwa makala moja iliwapeleka kwenye nyingine, na jibu moja lilizaa swali, jinsi inavyokuwa watu wanaposoma kwa haja. Saa sita kasoro dakika ishirini ikawa elfu moja. Hawakujua. Waliendelea tu. Saa sita ilipogonga ilikuwa elfu moja na nne, na Kuntai alikuwa akiuliza kuhusu kwato.

Lorine alipiga kihesabio picha, akampelekea Daktari Ajwang. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kipanya na kukiweka mbele ya Mzee.

"Sasa unaweza. Moja."

Mzee Elphas alikitazama, akakirudisha kwake. Badala yake alichukua kipakatalishi cha maktaba, akakiweka kwapani pamoja na daftari, akashuka ngazi na kutoka nje ya geti la chuo, akamsalimu askari. Ng'ambo ya barabara Immaculate alikuwa na kibanda cha chai chenye benchi moja. Mzee aliketi, akaunganisha mtandao wa simu yake, akachagua mstari mmoja wa kalamu ya bluu, akabonyeza bila hasira.

Lango likamsimamisha. Likamwuliza namba.

"Hodi," alisema Mzee Elphas, akaandika.

Immaculate alidhani anaitwa, akaja na kikombe. Alimkuta ameinama juu ya makala, midomo ikicheza. Chai ilipoa hapo. Alikuwa amefika mwisho wa aya ya kwanza, akapandisha miwani, akaendelea na ya pili.